Bi. Limi Maduhu na Perege wa Bwawa la Nne

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Limi Maduhu, Fundi Sanifu Mkuu wa Uvuvi katika kituo chetu cha mabwawa ya samaki hapa Kilosa, anastaafu utumishi wa umma baada ya kufanya kazi kwa miaka thelathini na sita. Miaka hiyo yote ameitumikia hapa hapa. Mara mbili alihamishwa, na mara mbili uhamisho ukafutwa kwa sababu anazozijua yeye na wakubwa wa wakati huo. Sisi tulibaki na tetesi.

Kamati ya sherehe imenipa nafasi katika ratiba hii na kunielekeza niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Mimi ni Costancia wa stoo, na nimegombana na Bi. Limi kuhusu nyavu tangu nilipoajiriwa, kwa hiyo namfahamu kuliko wengi watakaopanda jukwaani kumsifu. Anayetaka vicheko tu amsubiri MC.

Bi. Limi ni mtu wa Magu, kandokando ya ziwa. Amekulia katika nyumba ambayo mtu akisema samaki bila kutaja jina, anamaanisha sato. Aliripoti Kilosa Julai 1989 akiwa na cheti cha uvuvi, sanduku la bati na koti zito ambalo hakuwahi kulivaa tena. Alipooneshwa perege wa Mto Mkondoa kwa mara ya kwanza, aliuliza huyu ni mtoto wa samaki gani. Hilo amelisimulia mwenyewe kila mwaka kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ili wasione haya kuanza bila kujua. Wasukuma wenzake wanaokuja mnadani humtania hadi leo kwamba alitoka kwenye ng'ombe akaja kufuga sungura.

Kwa wageni wetu wasiomjua, perege ni samaki mdogo, mnene kifuani, mwenye rangi ya majani makavu. Hana sura ya kupigiwa picha. Lakini dume akifikia wakati wa kuzaa hugeuka mweusi tii, mapezi yake yanaota ukingo mwekundu, na hapo anaanza ujenzi. Huchota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi kuchota tena, mpaka sakafu ya bwawa inapata shimo la mviringo kama sahani ya pilau. Shimo hilo hulisafisha kutwa nzima. Dume mwingine akisogea, wanashikana midomo na kusukumana. Jike akija hutaga humo mayai machache machache na kuyaokota palepale kwa mdomo wake, na kuanzia hapo dume hana habari naye tena.

Jike huondoka na watoto mdomoni. Kwa wiki mbili na zaidi hali kitu. Ukimtazama utaona taya limevimba na anakwenda polepole, pembeni ya wenzake. Watoto wakianza kutoka huogelea mbele ya uso wake, na kivuli kikipita juu ya maji hurudi wote mdomoni kwa pamoja. Bi. Limi alikuwa akituonesha hilo kwa kunyoosha mkono juu ya bwawa, kisha anauondoa haraka ili asimchoshe mama wa watu. Maana jike akishtuliwa kupita kiasi huwatema, na akishawatema si rahisi kuwapokea tena.

Jambo jingine ambalo hakuchoka kulieleza ni chumvi. Maji ya Mkondoa huishia Wami, na Wami huishia baharini. Kule chini, maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika na kuwa ya chumvichumvi, perege anaishi vilevile kama anavyoishi huku kwetu kwenye maji baridi. Bahari ikipanda anavumilia, na mto ukijaa anavumilia. Sato hawezi kazi hiyo. Chumvi ikizidi anakonda na kuacha kuzaa. Ndiyo maana kisima kilichochimbwa nyuma ya stoo kilipotoa maji ambayo sabuni haitoi povu na chai haionjeki, sisi wote tulimlaani mchimbaji, lakini Bi. Limi alichota kwa kiganja, akaonja, akatangaza kwamba kisima hicho ni chake. Tulicheka. Akajengewa tangi la saruji pembeni yake, likakaa tupu kwa miaka mingi, na mimi nikawa naanikia magunia juu yake.

Kazi kubwa ya maisha yake, hata hivyo, ilikuwa Bwawa la Nne. Miaka ya tisini mwanzoni, sato walianza kugawiwa kwa wafugaji wa wilaya hii, na hakuna ubaya kwa kuwa sato hukua haraka na watu walishiba. Shida ni kwamba sato na perege huoana. Watoto wao wanazaa, na wajukuu wanazaa, na baada ya vizazi vichache hujui tena nani ni nani. Na sisi wa Kilosa tunayajua mafuriko. Mkondoa ukipanda, mabwawa ya watu yanabomoka na kila kilichomo kinaingia mtoni. Bi. Limi aliliona hilo mapema. Akaenda mtoni pamoja na msimamizi wetu wa mabwawa, Bw. Nassir, wakakamata perege kabla mchanganyiko haujawafikia, wakawaweka Bwawa la Nne, lililo karibu na geti, kwenye mwinuko ambao mafuriko hayajawahi kuufikia.

Bwawa hilo lilikuwa na wavu wake, ndoo yake na beseni lake, kwa sababu kifaranga wa samaki anaweza kunasa kwenye matundu ya wavu uliolowa na kuhamia bwawa la pili bila mtu kujua. Wavu wa Bwawa la Nne ulifungwa kitambaa chekundu. Ukikutwa stoo umelowa na yeye hana taarifa, mtunza stoo alihojiwa kana kwamba ameiba gari. Nimewahi kumwambia kwamba hata benki haina masharti hayo. Akanijibu kwamba benki ikiibiwa inaweza kuchapa noti nyingine. Mbele ya bwawa lilisimama bango lililoandikwa Perege Asili wa Mkondoa, na wafugaji kutoka Mvumi hadi Mikumi waliokuja kuchukua vifaranga walijua wanachukua kitu kisichopatikana kwingine.

Uchangamfu nimeahidi, basi niseme la kitchen party ya Joyce wa uhasibu. Bi. Limi aliitwa kama mama wa heshima atoe neno kwa bi harusi. Akasimama na kitenge chake kizuri akaeleza maisha ya perege kuanzia mwanzo: bwana anavyong'ara, anavyojenga, anavyofagia nyumba, anavyocheza mbele ya mgeni, na anavyoondoka watoto wakishaingia mdomoni mwa mama. Wanawake walicheka mpaka wanja wa macho ukachuruzika. Alipofika kwenye jike anayekaa wiki mbili bila kula ili watoto wapone, kicheko kilipungua meza moja baada ya nyingine, na wengine wakawa wanatazama sahani zao. Joyce anasema hakupewa neno lingine analolikumbuka siku ile.

Mume wake, marehemu Mwalimu Bonifas, alikuwa mwenyeji wa Mvumi na alifundisha shule ya msingi huko. Hawakujaliwa mtoto. Mwalimu alikuwa mtu wa utani mwingi, na alipenda kusema kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni Bwawa la Nne. Jumapili baada ya ibada alikuwa akija kituoni na suti yake, anaketi ukingoni karibu na mkewe, na wote wawili wanatazama maji. Alifariki Aprili 2016, katikati ya masika, baada ya kuugua siku chache tu.

Hapa inabidi uchangamfu ukae pembeni kidogo. Bi. Limi ameniruhusu niandike yafuatayo, na Bw. Nassir ameniruhusu pia. Nilimuuliza kila mmoja peke yake.

Msiba uliwekwa Mvumi. Mimi nilikuwa jikoni huko na akina mama wengine tangu siku ya kwanza, nikisonga ugali. Watu walikuwa wengi, kwa sababu nusu ya wilaya ilifundishwa na Mwalimu, na mvua ilikuwa imekata njia ya mnadani, kwa hiyo nyama haikufika. Kituoni wanaume wakakaa kikao. Bw. Nassir ndiye aliyesema, "Dada Limi hawezi kuzika mume watu wakala maharage matupu. Sisi ni watu wa samaki." Hakuna aliyempinga. Tope lilikuwa limefunga njia ya mabwawa ya chini na pikapu ilifika getini tu. Bwawa lililokuwa getini ni la Nne. Wakavua.

Samaki walifika Mvumi kwa madumu na magunia, tukawakaanga, watu wakashiba na kuwaombea baraka wafanyakazi wa kituo. Mjane aliyekuwa hajala kwa siku mbili alishawishiwa na wifi zake akala nusu samaki, naye akatuma watu waje watushukuru jikoni.

Waliporudi kituoni wanaume wakalitazama lile bwawa na kuogopa. Walikuwa hawajawamaliza perege. Walibaki wachache, wakubwa kwa wadogo. Lakini kwa jicho la Bi. Limi, bwawa lingeonekana limekufa. Wakafikiri: huyu mama atatoka matanga na nguo nyeusi, aje akute na hili tena? Kwa huruma, na sitaki mtu aseme ilikuwa kitu kingine, walingoja njia ikauke, wakavua Bwawa la Pili, wakachagua samaki wa ukubwa uleule na rangi ileile, wakawamwaga Bwawa la Nne mpaka likachangamka. Waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Katika Bwawa la Pili, sato na perege walikuwa wamechanganyikana siku nyingi.

Bi. Limi alirudi kazini, akaenda ukingoni, akaona maji yanachezacheza kama kawaida. Akamshukuru Nassir kwa kumtunzia.

Sato ana mistari iliyosimama kwenye mkia, mmoja baada ya mwingine, hadi ncha. Perege wetu hana. Machotara huwa na mistari iliyokatikakatika, hafifu, na kwa samaki mdogo huwezi kuiona. Vizazi viwili vikapita humo ndani. Mwaka uliofuata, Bi. Limi alikuwa anapima vifaranga wa kupelekwa Mikumi, akamgeuza mmoja kwenye jua, akautazama mkia. Akamchukua mwingine, na mwingine. Alikaa pale ukingoni na beseni mapajani kuanzia asubuhi, na chakula cha mchana kilipoiva hakuja.

Kisha akamwita Nassir. Nassir hakudanganya, alimweleza yote, kuanzia kikao hadi Bwawa la Pili, na akamalizia kwa kusema kwamba walimwonea huruma. Bi. Limi alimjibu kwa sauti ya chini sana. "Samaki mliokula si kitu. Waliobaki wangetosha kujaza bwawa mwaka huohuo. Mngeniambia siku ile, ningewatoa hao wageni kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho." Nassir anasema hilo ndilo lililomvunja, kwa sababu mwaka mzima alikuwa amejiandaa kuombea msamaha wale samaki wa msibani, na kumbe kosa halikuwa pale.

Sasa ilikuwa imechelewa. Waliobaki walikuwa wameshaoana na wageni, na wazee wenyewe walikuwa wameshakufa. Bi. Limi alikwenda kwa mkuu wa kituo wa wakati ule akamweleza kwamba Bwawa la Nne halina tena perege asili, na kwamba bango lishushwe. Mkuu alisikiliza vizuri. Akasema wageni wa juu wanatarajiwa mwezi ujao, na bango linapendeza, na nani anaangalia mkia wa samaki. Bango likabaki. Mei Mosi ya mwaka huohuo Bi. Limi alitangazwa Mfanyakazi Bora kwa kuhifadhi samaki wa asili wa wilaya. Alipanda jukwaani akapokea redio na blanketi, akashuka, na blanketi lile akampa mlinzi wa geti kabla hatujafika hata nyumbani. Redio iko stoo kwangu. Haijawahi kuwashwa.

Kuanzia hapo kila kiangazi alikuwa anatafuta. Alitafuta Mkondoa juu na chini, akatafuta kwenye madimbwi yanayobaki mto ukipungua, akaingia mpaka mifereji ya miwa kule Ruhembe. Kila alipokamata samaki aliutazama mkia kwanza. Likizo moja alikwenda kwa basi hadi Wami ya chini, karibu na bahari, akarudi na ndoo tupu na malaria. Alipoingia stoo kurudisha wavu nilikuwa naangalia uso wake, na nikishaona sikuuliza.

Hapa kazini aliendelea vilevile. Mabwawa mengine yalizalisha kuliko wakati wowote, na vifaranga wa sato aliowasimamia yeye wamelisha shule na zahanati nyingi za wilaya hii. Hilo ni mafanikio na liingie kwenye kumbukumbu. Vijana waliopita mikononi mwake wako kila mkoa. Bryson, tuliyemwona mzembe, sasa ana mabwawa yake Mikumi na ametuma salamu. Wote wanasalimia shikamoo kwa simu kabla hawajasema shida yao, kwa sababu aliwafundisha hilo sambamba na kupima joto la maji.

Kilichompa Bi. Limi nafasi nyingine ni lugha yake ya nyumbani. Kiangazi cha mwaka 2022 alikuwa Mikumi kwa kazi, akasimama kununua maziwa kwa mfugaji mmoja, Mzee Maganga, mtu wa makamo aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Akamsalimia mwangaluka. Mzee alifurahi kuzungumza na mtu asiyemuuliza kwanza kibali cha mifugo. Katika maongezi akamweleza kwamba kwenye tambarare za Mkata kuna bwawa dogo la asili ambalo ng'ombe wake wanalipenda mno, maana maji yake yana chumvichumvi, na humo kuna visamaki vyeusi vinavyochimbachimba chini. Wenyeji hawavivui kwa kuwa bwawa ni la kinyesi cha ng'ombe na maji hayanyweki.

Bi. Limi alirudi Kilosa siku hiyohiyo kuchukua wavu. Nilimpa ule wa kitambaa chekundu kabla hajautaja. Nassir akaomba kuendesha pikapu. Walikuwa hawajasafiri pamoja tangu mwaka ule wa mikia, ila hakumkatalia.

Walipata wanne tu. Bwawa lilikuwa limepungua hadi magotini na ndege walikuwa wameshafanya karamu. Watatu walikuwa madume, weusi, wenye ukingo mwekundu, na mikia isiyo na mstari hata mmoja. Wa nne alikuwa jike, na taya lake lilikuwa limevimba. Nassir anasimulia kwamba Bi. Limi alipomwona alikaa chini kwenye tope, akaweka kiganja chini ya tumbo la yule samaki ndani ya maji. Jike mmoja mwenye watoto mdomoni anatosha. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu mwaka 2017.

Barabara ya kutoka Mikumi kuja Kilosa mnaijua. Nassir aliendesha kama amebeba mgonjwa wa mgongo. Bi. Limi alikaa nyuma kwenye bodi, ameikumbatia ndoo ya jike kifuani, amefunika mdomo wa ndoo kwa kitambaa kilicholowa ili kivuli kisimshtue. Baada ya kijiji cha Ulaya kuna mahali daraja lilikuwa limeliwa na maji na njia ya pembeni ni mawe matupu. Nassir alisimama, wakajadiliana, na kwa kuwa maji ya ndoo yalikuwa yanazidi kupata joto waliamua kupita. Gari liliruka mara moja. Alipofunua kitambaa, mayai yalikuwa yametapakaa ndani ya ndoo.

Jike hakuyaokota. Bi. Limi aliyakusanya kwa kijiko cha chai, akayaweka kwenye chupa aliyoipitishia mpira wa maji ya kisima cha chumvi ili yawe yanatikisika kama mdomoni. Alilala kituoni kuyatazama. Ukungu ukaanza kwenye yai moja, halafu mengine, na siku ya nne akaimwaga chupa mwenyewe. Jike naye hakula, tukasema labda atakula, na hakula mpaka akafa. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo. Nassir amejilaumu hata hivyo, na amekonda tangu wakati ule.

Walirudi Mkata pamoja mapema wiki iliyofuata. Bwawa lilikuwa limekauka. Mzee Maganga aliwaonesha pa kukanyaga. Kwenye tope lililopasuka yalikuwa yanaonekana mashimo ya madume, ya mviringo, yamepangika vizuri, na kwato za ng'ombe zimepita katikati. Wamekwenda tena kila mwaka baada ya masika. Maji yanarudi, samaki hawarudi.

Madume watatu waliwekwa kwenye tangi la saruji nyuma ya stoo, likatiwa kifuniko cha wavu chenye kufuli, ndani ya maji ya kisima chetu kilicholaaniwa. Maji hayo yamewakubali sana. Wamenenepa. Kila asubuhi Bi. Limi alipita hapo kabla ya kusaini kuingia kazini, akawapa chakula, akawatazama, akaenda zake. Nilishaondoa magunia yangu. Wanafunzi wakimuuliza ni samaki gani hao, aliwaambia ni perege wa Mkondoa, na wakimuuliza wako wangapi duniani, aliwaambia hajui, anawajua hawa.

Mwezi uliopita kamati ilimfuata kumuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Tulikuwa tumejadili mabati, sofa na simu kubwa. Bi. Limi aliomba mambo mawili. La kwanza, Bwawa la Nne livuliwe lote, hadi kifaranga wa mwisho, na samaki wake wawe ndio mboga ya sherehe hii. La pili, bango lishushwe. Mkuu wetu wa sasa alikubali yote mawili bila kuuliza swali, na kwa hilo tunamshukuru. Alipoulizwa kwa nini tusinunue tu mbuzi kama kwa wastaafu wengine, Bi. Limi alisema, "Mara ya kwanza tulikula bila kujua. Safari hii tule tukijua."

Kwa hiyo, ndugu wageni waalikwa, mtakapofika kwenye kipengele cha chakula katika ratiba hii mtajua mnachokula. Bw. Nassir, ambaye naye anastaafu mwakani, ameomba aongoze kuvuta wavu asubuhi ya siku ya sherehe, na Bi. Limi amekubali kwa sharti kwamba ni ule wa kitambaa chekundu. Bi. Limi mwenyewe ameomba pia wakae meza moja. Bango limeshashushwa na fundi seremala. Nyuma yake kuna maandishi ya penseli ya Mwalimu Bonifas, nadhani aliyaandika siku linapigwa rangi, yanayosema kazi ya mke mkubwa. Bi. Limi amelipeleka nyumbani.

Bi. Limi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, nakushukuru kwa miaka thelathini na sita. Nakushukuru kwa kunigombeza. Tuliokuonea huruma vibaya tunaomba uendelee kutuvumilia, na wewe umekuwa ukituvumilia tangu zamani. Unakwenda Mvumi, kwenye nyumba ya Mwalimu, na tunajua hutafuga samaki huko kwa sababu umesema hutaki kuona ndoo. Uwe na afya, ulale usingizi wa kutosha, jirani zako wawe watu wema, na maisha yaliyobaki yawe mepesi kuliko haya tuliyokupa sisi.

Funguo za tangi ulizonikabidhi ninazo. Nimewalisha leo kabla ya kuja kumalizia ukurasa huu, na nimewatazama kama ulivyonielekeza, bila kuweka kivuli. Wamekuwa weusi tena. Kila mmoja amechimba shimo lake na amelisafisha, na yuko juu yake, anangoja.